Gauni la Uturuki na Kishona Nguo cha Kisarawe

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Mnajua nauza magauni ya Uturuki dukani kwa Mama Nasra, hapa Kariakoo. Sheria yake ni moja: anayevaa mzigo wa dukani, kazi basi.

Jumapili binamu yangu alikuwa anaolewa Kisarawe. Gauni la kijani likaniangalia, nami nikaliangalia. (Shetani msimsingizie, akili ni yangu mwenyewe.) Nikalibeba kwenye mkoba.

Nilipendeza! Mpiga picha akaniambia, "Dada, sogea kule kwenye majani, kuna mwanga mzuri." Nikasogea. Kumbe yote kishona nguo! Lile gugu lenye vijimbegu vyeusi, vyembamba, vinavyong'ang'ania nguo. Nilitoka navyo kuanzia kwenye pindo mpaka makalioni.

Sikukata tamaa. Nyumbani nilichukua kibanio cha nyusi, nikachomoa kimoja kimoja mpaka vidole vikafa ganzi. Nikapiga pasi. Leo asubuhi nikalirudisha kwenye nailoni yake kabla Mama Nasra hajafika. Safi kabisa!

Saa nne akaingia mteja, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe lile la kijani."

Magauni yote yale!

"Mama, hili la bluu ndiyo litakutoa."

"La kijani."

"Mpe anachotaka," Mama Nasra akadakia.

Nikampa. "Mzigo mpya huo, mama. Hata kuguswa haujaguswa."

Akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye pindo, akachomoa kitu.

"Na hiki?"

"Urembo, mama. Waturuki wanapenda vitu vidogo vidogo." (Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

"Mwanangu, mimi nalima. Hiki ni kishona nguo."

Nikakaza. "Si hata kule wanalima, mama?"

Mama Nasra akakichukua, akakitazama. Kisha akanisogelea, akachomoa kingine kwenye mtandio niliojifunga. (Mtandio wa harusini! Niliusahau!) Akaviweka vyote viwili kiganjani.

"Na huu mtandio nao umetoka Uturuki?"

Nikaiona kazi inaondoka hivi hivi.

"Nisamehe, Mama Nasra. Nililivaa harusini. Usinifukuze, nakuomba."

"Nani anakufukuza? Si unalipenda? Livae, usimame pale mlangoni badala ya mdoli. Na ole wako nikuone unatikisika!"

Nikalivaa. Kama ni kusimama, nitasimama! Kidevu juu, mkono kiunoni, macho mbele. Wapagazi wakapita, "Dada mdoli, mambo?" "Poa!" (Mdoli nimejibu, eti.) Yule mama mkulima akapita mara ya pili na mwenzake, amekuja kumwonyesha.

Kazi bado ninayo, na kesho naripoti kama kawaida. Ila kuna kishona nguo kimoja sikukiona, hapa kiunoni. Kimenichoma tangu saa tano mpaka saa kumi na moja jioni, na mdoli hajikuni.