Ufunguo wa Kabati la Ramu

Iyula, Jumatatu, 4 Julai 1938

Bwana katuita leo, mimi mpishi wake na Nikodemo, mtumishi wake wa mezani. Jumamosi anapokea mgeni kutoka Tanga, mtu wa mashamba ya mkonge. Anataka kinywaji cha ukali, uchachu na utamu, vyote vitatu vilingane. Atakayeshinda atashika ufunguo wa kabati la vinywaji na kuvaa mshipi mwekundu. Atakayeshindwa anakwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la Bwana. Nikodemo alicheka. Mimi nikacheka zaidi, kumkomoa.

Tumepewa ramu na tekila kidogo za kujifunzia nyumbani, pamoja na cheti cha kuonyesha askari, maana sisi kukutwa na pombe ya Kizungu ni kifungo. Tekila, anasema Bwana, hutoka kwenye mmea ulio ndugu wa mkonge. Nimelishika hilo.

Jumanne, 5 Julai

Nikodemo hana utu. Kanunua ndimu zote za mchuuzi wa Ndalambo, gunia zima. Nimebaki na ukwaju. Nimechanganya. Yunisi, mke wangu, kaonja, akauliza kama ni dawa ya mbuzi.

Anayejua kulinganisha uchachu ni mmoja tu: mama mkwe, Ketrina. Kabla hajabatizwa, pombe yake ya ulezi watu waliifuata kutoka Vwawa. Lakini kwetu mama mkwe hatazamwi wala hasemeshwi. Miaka sita ya ndoa, uso wake sijauona. Tukikutana njiani najitupa kwenye mibuni. Kanzu mbili zimechanika.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata akili. Mama mkwe kaketi nyuma ya nyumba, mimi mbele, Yunisi anazunguka na kikombe. Majibu yakaja: ukwaju umezidi. Nikaongeza sukari. Majibu: sasa ni uji. Nikaongeza ramu. Majibu: je, binti yangu hulishwa hivi kila siku?

Kwa kuwa kabatizwa, hamezi. Anaonja, anatema. Kuku aliyepita pale amelala tangu saa nne.

Mwisho kanitumia kipimo. Vikombe viwili vya ukali, kimoja cha ukwaju, kimoja cha asali, na chumvi ya vidole viwili. Nimemshukuru kupitia kwa Yunisi. Kipimo cha kibahili. Nitakiboresha.

Alhamisi, 7 Julai

Tekila imeisha katika kuboresha. Nikakumbuka undugu wa mkonge. Mpakani mwa shamba pamejaa mkonge. Nimekata majani mawili, nikatwanga, nikakamua, nikaonja.

Ijumaa, 8 Julai

Ulimi umevimba. Naongea kwa mikono. Nikiomba maji, Yunisi analeta uji. Nikodemo kapita kunipa pole, nikamwonyesha ngumi. Kaishika, akaitikisa, akaaga.

Bwana katuletea chupa nzima za shughuli ya kesho. Nimezitazama, nikaogopa. Nikaandika kikaratasi, Yunisi akamsomea mama yake: tafadhali changanya mwenyewe. Kajibu kwamba alikuwa anangoja hilo tangu Jumatano.

Jumamosi, 9 Julai

Mgeni kanywa cha Nikodemo, akafumba jicho moja. Kanywa changu, akaomba tena, akaomba tena, akamsihi Bwana amruhusu anichukue Tanga. Bwana kauliza nani kanifundisha. Ulimi ulikuwa umeshapona, kwa bahati mbaya. Nikasema nimezaliwa na kipaji hicho.

Hapo Nikodemo, mmbea yule, akasema kamwona Yunisi akizunguka nyumba na vikombe, na kwamba aliyechanganya kule nyuma ni mama mkwe wangu. Bwana hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema mama huyo aitwe Jumatatu.

Jumapili, 10 Julai

Baada ya ibada mama mkwe kamwuliza mzee wa kanisa kama kazi ya kumchanganyia Bwana vinywaji ni dhambi. Mzee kafikiri, akasema kisichomezwa hakijanywewa. Nimeyasikia nikiwa nje, chini ya dirisha. Nilikuwa nimeomba sana ajibu vingine.

Jumatatu, 11 Julai

Mama mkwe kaingia jikoni kwa Bwana saa moja asubuhi kwa mlango. Mimi nikatoka kwa dirisha, na sufuria ya uji mkononi. Ufunguo umening'inia shingoni mwake, na mshipi mwekundu umemkaa vizuri. Haya nimeambiwa. Nimepikia uani mchana kutwa, nimelipa jiko mgongo. Bwana kaja kuniuliza kama nimewahi kuchuma kahawa.

Imeniuma. Jiko lile nimelipikia miaka tisa. Na Nikodemo anashinda mle ndani, anaonja, anamwita mama.

Lakini nimefikiri. Yunisi ana mdogo wake, Loisi, hajaolewa. Nikodemo hana mke. Akimwoa Loisi, naye atakuwa mkwe wa Ketrina, atatoka kwa dirisha lile lile. Nimeanza leo leo. Nimemsifia Loisi mpaka Nikodemo kauliza mahari. Siku atakayokimbia, jikoni hatabaki mtu ila mama mkwe, na Bwana atalazimika kuniita mimi niingie nikamsaidie.