Msimamo Wangu Kuhusu Elimu, Toleo Lililorekebishwa

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku kumi na tano kabla ya uchaguzi. Nafasi moja tu kwenye bodi ya shule ya mji wetu, Tolvik, wagombea wawili. Mimi, Orlin Tveit, muuza matrekta mstaafu, mtu mwenye sauti ya kusikika. Na Marlys Haugrud, aliyepika chakula cha shule miaka thelathini na moja, na sasa anadhani kupakua viazi ni sifa ya uongozi.

Nimegawa mabango arobaini ya kusimika mbele ya nyumba. Hakuna hata mmoja aliyekataa! Mke wangu, Ardis, kasema Tolvik hajatokea mtu wa kukataa bango, hata likiletwa na mbweha anayegombea bodi ya kuku. Akaongeza kwamba nyumba hizo hizo zina bango la Marlys pia. Wivu tu. Nimehesabu kura arobaini. Pamoja na wake zao, themanini.

Mkahawani wakataka kujua msimamo wangu kuhusu elimu. Nikasema elimu irudi kwenye misingi. Wakauliza misingi ipi. Nikasema ile ya zamani. Mzee mmoja akakoroga kahawa yake, ambayo haina sukari, akasema hilo ni jambo la kutafakari. Nimewateka.

Jumatano, 23 Oktoba

Kesho mdahalo, ukumbi wa michezo wa shule. Utaratibu wa miaka yote: watu wanaandika maswali kwenye kadi, wanazitia kwenye kasha, Mchungaji Ruud anachomoa na kusoma. Kadi hazina majina. Nashangaa hakuna aliyewahi kuiona nafasi hii kabla yangu!

Nimekaa mezani tangu asubuhi nikijiandikia maswali. Kadi kumi na moja. Nyingine kwa mkono wa kushoto, nyingine kwa wino wa zambarau. Mfano: "Je, Bwana Tveit ana mpango gani wa busara kuhusu paa la maktaba linalovuja?" Majibu yote nimeyakariri.

Ardis akauliza naandika nini. Nikasema kadi za Krismasi. Akaitazama kalenda, akanitazama mimi, akaomba kadi moja tupu. Nikampa. Mimi si mchoyo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Watu walijaa. Meza ya nyuma ilisheheni mabakuli ya nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Kadi ya kwanza: yangu! Ya pili: yangu! Watu wetu hawapendi kusumbua kwa maswali. Kasha zima lilikuwa na kadi kumi na mbili.

Ndipo Mchungaji akakumbusha kwamba kila swali tunajibu wote wawili, na anaanza mwenye jina linalotangulia kwa alfabeti. Haugrud, kisha Tveit. Sikulifikiria hilo.

Kwa hiyo Marlys akajibu maswali yangu kabla yangu. Paa, alisema, linavuja juu ya vitabu vya darasa la kwanza. Amepanda ngazi mwenyewe kuangalia. Mimi nikabaki kusema naafiki. Nimeafiki mara saba. Mchungaji akasema amevutiwa na wino wa zambarau.

Kadi ya nane haikuwa yangu. "Mtoto akimaliza shule yetu, ungependa awe amepata kitu gani ambacho wewe ulikikosa?" Marlys akajibu kwa ufupi: kifungua kinywa. Zamu yangu. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Mimi sikujua kusoma mpaka nikafika miaka kumi na mmoja," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza wenzangu wakisoma, nakariri, halafu narudia. Bi Sorum, mwalimu wa muziki, ndiye aliyenigundua. Alikaa na mimi kila siku baada ya masomo, mwaka mzima, na hakumwambia mtu. Ningependa kila mtoto apate mtu wa kukaa naye."

Nikaketi. Mtu mmoja akapenga kamasi. Nimekwisha.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ardis amekiri. Ile kadi ni yake! Usaliti ndani ya nyumba yangu, tena kwa kadi yangu mwenyewe. Kasema miaka thelathini na nne ya ndoa, na habari ile ameisikia jana pamoja na mji mzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniwekea mkono begani.

"Usiliguse tena hilo, Orlin," akasema. "Liache kama lilivyo."

Kufikia saa sita mchana nyumba sita zimeleta keki. Sita! Hapa kwetu keki hupelekwa kwa wafiwa. Lazima nichukue hatua.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimechapa kipeperushi. Wakati wa ibada nimekibana kwenye kioo cha kila gari nje ya kanisa. "UFAFANUZI. Maneno ya Alhamisi yalikuwa mfano tu. Bwana Tveit alisoma vizuri tangu utotoni na hakuwahi kuhitaji msaada wa mtu yeyote."

Bi Sorum alitoka kanisani kwa mkongojo wake. Ana miaka themanini na nane. Alivaa miwani, akakisoma chote amesimama kwenye baridi, akakikunja na kukitia mkobani. Akanipungia mkono kama siku zote.

Chakula cha mchana sikukimaliza. Nadhani ni keki.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepiga kura. Nimemwuliza Ardis kampigia nani. Kasema kura ni siri, halafu akaenda kufua.

Jumatano, 6 Novemba

Marlys 219. Mimi 213. Kura sita!

Asubuhi Marlys kaja mwenyewe nyumbani. Hakuwa na majivuno, jambo lililoniudhi zaidi. Ardis akammiminia kahawa.

"Usiku ule wa mdahalo nilikuwa nimeshaamua kukupigia wewe," akaniambia. "Na dada zangu wanne pia. Halafu Jumapili tukakuta karatasi yako kwenye magari."

Nikapiga hesabu. Yeye na dada zake ni watano. Nimeshindwa kwa sita. Kwa hiyo hata hao wasingetosha! Nikamweleza hivyo. Ardis akaweka birika chini taratibu, akasema kura ikitoka kwake ikaja kwangu huhesabiwa mara mbili, akaenda kusimama dirishani.

Marlys hakubishana. Kasema darasa la kwanza lina watoto wanane wanaohangaika kusoma, na anatafuta mtu wa kukaa nao kila Jumanne. Amenifikiria mimi kwanza. Nikamwuliza kama nafasi hiyo ina cheo. Akasema ina kiti kidogo. Nikashukuru, nikasema ratiba yangu imebana.

Nimekaa mchana kutwa nikilichambua kosa langu, na nimelipata. Kipeperushi kilichelewa. Bodi ya makaburi itakuwa na nafasi mwezi wa tatu. Safari hii ufafanuzi nitautoa kabla sijasema lolote.