Mpira Nilioudaka Nikanyamaza

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu: naogopa mpira wa kriketi. Si kuogopa kidogo. Ukinijia nafumba macho na kuuomba radhi. Na leo, kwa hiari yangu mwenyewe, nimejiandikisha kwenye timu ya shule.

Sababu ninayo. Mhariri wa gazeti la hapa mjini anachukua mwanafunzi mmoja likizo hii. Mmoja tu. Huyo atakaa chumba cha habari, atasoma habari kabla hazijachapwa, labda ataandika moja yeye mwenyewe. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki. Anayechagua ni mwalimu wa ushauri wa kazi, ambaye ndiye pia kocha wa kriketi, na kwake hayo ni somo moja. Anasema ukimwona mtu anavyosimama uwanjani umeshajua atakavyosimama kazini. Insha zangu ni bora darasa zima. Lakini insha haisimami uwanjani.

Nisipopata, mjomba ameshaamua: likizo nzima dukani kwake, duka la vipuri, nikifuta grisi kwenye bolti. Kasema kwa upendo. Mama akashukuru mbele yangu. "Ukizoea, mwanangu, hata ukimaliza shule kazi unayo." Hapo nikajua hatuzungumzii likizo tu.

Mpango wangu ni huu. Sitaomba nafasi. Kuomba ni kujishusha. Nitaonekana. Mtu akionekana vya kutosha, huitwa.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi ya kwanza. Nilikwenda na kitabu cha sheria za kriketi, nikakisoma nikiwa uwanjani. Kabla ya saa ya mwisho nimeshapewa jina: Maktaba.

Binamu yangu naye yumo. Ni mtoto wa mjomba huyohuyo wa vipuri, na shule nzima inamwita Mdomo. Hurusha mpira vizuri, sikatai. Lakini kila akirusha humgeukia mwamuzi, mikono juu, na kupaza sauti: "Vipi, mwamuzi?" Anataka mpigaji atolewe. Hata mpira ukipita mbali kabisa na mpigaji, na vile vijiti vitatu anavyovilinda, na akili, yeye anauliza. Leo hapakuwa na mwamuzi. Kocha alitundika koti lake kwenye kiti likae pale kama mwamuzi. Mdomo akaliuliza koti. Mara zote.

Nilimwambia haoni aibu. Akasema koti halijamkatalia hata mara moja.

Katika kitabu nimekutana na sheria ya ajabu. Mpigaji hata akiwa ametoka wazi, kila mtu kaona, mwamuzi hafungui mdomo mpaka upande wa pili umuulize. Wasipouliza, mpigaji anaendelea kupiga kana kwamba hakuna lililotokea. Nimeona ni kasoro kubwa. Mwamuzi mwenye macho anaulizwa nini? Nimeandika pembeni kwa penseli: hii ni sheria ya watu kama Mdomo.

Alhamisi, 6 Juni

Juhudi ya kuonekana inaendelea. Nimefika uwanjani kabla ya wote. Nimefagia. Nimepanga zile pedi za miguu kwa ukubwa, nimefuta magongo, nimepanga glavu kushoto na kulia. Kisha nikasimama kando ya kazi yangu, nusu nimegeuka, ili nisionekane kama nangoja sifa.

Kocha akafika, akatazama, akafurahi. Akamwambia Mdomo hongera. Mdomo akajibu, "Asante, mwalimu."

Nikakohoa. Kocha akaniuliza kama kifua kinanisumbua. Nikakohoa kwa maana zaidi. Akanipeleka kwa nesi. Nimekunywa dawa ya kikohozi nisichokuwa nacho, chungu mno.

Habari njema ni moja. Mechi ya Jumamosi, mwamuzi ni mhariri mwenyewe. Huifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu. Kwa hiyo sina haja ya Kocha tena. Nitaonekana kwenye chanzo.

Jumamosi, 8 Juni

Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Kocha akatazama benchi. Benchini nilikuwa mimi. Akaniweka karibu kabisa na mpigaji, mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama kwa sababu mpira hukujia kabla hujamaliza kuogopa. Wenzangu walidhani naonewa. Mimi nilishukuru. Nilikuwa machoni pa mhariri tu.

Niliyaonyesha yote. Subira. Utulivu. Shati ndani ya suruali. Mdomo alikuwa akipiga kelele kila mpira, na kila akipiga kelele mimi nilitikisa kichwa taratibu, mhariri aone kwamba ukoo wetu una watu wa namna mbili.

Kisha tukafika mwisho. Wapinzani walikuwa na mpigaji mmoja hodari aliyebaki. Akitoka yeye, tumeshinda. Nahodha wetu akarusha. Nikasikia mpira ukigusa ukingo wa gongo, sauti nyembamba, kama ukurasa unaofunuliwa. Ukapiga pedi, ukanijia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa tumboni, nimeukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Nimedaka. Mimi.

Ukigusa gongo kisha ukadakwa kabla ya kuanguka, mpigaji katoka; lakini wengine wote walidhani umegusa pedi tu, na huo hauhesabiwi. Nahodha alikuwa ameshageuka, anashika kichwa kwa uchungu. Na Mdomo, siku ile moja tuliyomhitaji, alikuwa mbali ukingoni mwa uwanja anakunywa maji.

Mhariri akanitazama. Nikamtazama. Aliendelea kunitazama. Nikafikiri: ameona kila kitu, sasa anapima kama nina majivuno. Nikatabasamu kwa unyenyekevu. Nikaupangusa mpira vumbi, nikaurudisha kwa nahodha kwa mikono miwili. Mhariri akainua nyusi.

Mpira uliofuata mpigaji aliupeleka nje ya uwanja, wakapata alama walizobakiza. Tukashindwa.

Wakati wa kukusanya vifaa mhariri alinijia mwenyewe. Nikampa shikamoo. Akaniambia ule mpira uligusa gongo, alisikia. Nikasema ndiyo mzee, hata mimi nilisikia. Akauliza kwa nini sikuuliza basi. Nikamwambia nilijua ameona. Akasema kuona anaona, lakini kutoa hawezi mpaka aulizwe. Na kwamba nusu ya watu aliowaajiri gazetini si hodari kuliko waliobaki nje, ila walimjia wakasema wanataka.

Kisha akasimama pale. Akaniuliza kama nina lolote la kumuuliza.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikasema, "Hapana, mzee. Safari njema."

Wenzangu walikuwa nyuma yangu, wamesikia yote. Nahodha akatangaza kwamba Maktaba leo imefungwa. Wamerudia utani huo mpaka geti la shule.

Jumapili, 9 Juni

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na hazina. Nimeandika insha kuhusu jambo hili: kriketi inavyotufundisha kazi na maisha, na kwamba dunia ni mwamuzi anayejua lakini anangoja kuulizwa. Ni insha bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Sidhani kuna mtu katika shule ile aliyelielewa somo hilo kwa kina kama mimi.

Nimemsomea dada. Akasema nzuri. Kisha akauliza kama nimeshakwenda kuiomba ile nafasi. Nikamwambia hajui kusikiliza insha.

Jioni nimeipitisha insha chini ya mlango wa ofisi ya Kocha. Sikuweka jina. Mtindo wangu unajulikana.

Jumatatu, 10 Juni

Kocha ameisoma insha yangu mbele ya shule nzima. Sauti yake ilitetemeka mahali pa mwamuzi. Akasema haya ndiyo anayoyasema kila siku na hakuna anayemwelewa. Akamtaka aliyeandika ainue mkono.

Niliinamisha kichwa, namna ya mtu anayengoja kutambuliwa. Kocha akatazama mstari wetu. Akatazama mstari wa nyuma. Akasema si neno, huenda mwenyewe hayupo leo.

Kisha akatangaza nafasi ya gazeti. Mdomo.

Alieleza sababu bila hata kujali moyo wa mtu. Mdomo alimfuata ofisini wiki iliyopita akamwambia, mwalimu, ile nafasi naomba mimi. Kocha alingoja kama atatokea mwingine. Hakutokea. Basi.

Mdomo hajamaliza kitabu hata kimoja. Nimemuuliza gazetini anafuata nini. Akasema chumba cha habari kina kiyoyozi, na duka la baba yake halina hata feni. Kisha akanishangaa. "Kwani binamu nawe uliitaka? Ungesema."

Hilo "ungesema" limenichoma kuliko yote. Alilisema kwa huruma.

Jioni mjomba alikuja nyumbani. Kwa kuwa mwanawe anakwenda gazetini, dukani kumebaki pengo. Mama akaniletea aproni ya zamani ya Mdomo. Inanitosha.

Jumatano, 19 Juni

Likizo imeanza. Vidole vyangu vinanuka grisi hata nikigeuza kurasa.

Mdomo kapita dukani na habari. Amehariri tangazo la msiba, wafiwa wakapongezwa kama maharusi. Mhariri amemhamishia kwenye kujibu simu, na sasa anataka mwanafunzi wa pili, anayejua kuandika. Mdomo amenitaja. Mhariri akasema anamkumbuka, yule aliyedaka, ila aje mwenyewe aseme. "Neno moja tu, binamu. Hata ukilinong'ona." Mjomba naye kanihurumia, kaniruhusu niondoke mapema. Dada kanipigia pasi shati.

Nilikwenda. Nilisimama upande wa pili wa barabara, mkabala na mlango wa gazeti, na kitabu mkononi, jina la kitabu likitazama mlangoni. Mlinzi akavuka akaniuliza namtaka nani. Nikasema hakuna, napunga upepo.

Mwishowe mhariri akatoka mwenyewe. Akaniona. Akavuka barabara, akanisalimu, akatazama kitabu, akaniuliza kama kuna jambo.

Nikasema hapana, mzee, nilikuwa napita tu.

Akasimama kidogo. Alinitazama vilevile kama siku ile uwanjani, nyusi juu. Kisha akanitakia jioni njema, akaingia kwenye gari lake.

Nimerudi nyumbani. Nimewaambia kwamba amenitazama kwa muda mrefu sana. Nimefua aproni, nimeianika. Kesho nikitoka dukani nitapita tena pale. Nimeshachagua kitabu kinene zaidi.