Malalamiko Juu ya Miwani Inayoona Kupita Kiasi

Kwa Mwenye Miwani wa Kwanza,
Ng'ambo, mji siujui.
Kupitia kwa wageni wa macho waliofika parokiani kwetu Januari kupima watu na kugawa miwani iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo.

Ndugu, au Mama, uliyevua miwani,

Salamu kutoka Izia, Sumbawanga. Mvua ipo, baridi ipo, na sisi tupo. Naitwa Urbano, nina miaka themanini na mmoja. Nimezika ushirika wa mazao, redio tatu, ng'ombe wote wa mahari ya binti yangu Rozina aliyeolewa Mtowisa, na tabibu aliyeniambia nisingeuona mwaka mpya. Shule niliacha mwenyewe darasa la pili, mwalimu hakunifukuza, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Miwani yako ya kahawia alipewa mke wangu Silvana. Wewe sikujui, ila tabia ya miwani nimeijua, basi nawe nakujua kidogo. Lazima kazi yako ilikuwa kukagua watu.

Mimi sikupewa, na hilo silalamiki, hiyo ni sifa. Muuguzi wa hapa kwetu, binti mmoja anaitwa Sharon, alisimama na karatasi ya alama zenye meno matatu kama reki, na wewe unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikai bure. Katekisimu nilijifunza hivyo hivyo: aliye mbele anajibu, wewe unashika. Nikashika majibu ya jirani yangu Wilibrodi, maana yeye anaona mpaka kunguru anadonoa nini kwenye shamba la mwenzake. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu. Zamu yangu ilipofika nilimaliza mstari wa mwisho kabla Sharon hajaunyooshea kijiti. Akasema, "Babu, macho yako yanashinda yangu." Maneno hayo niliyafikisha Izia nzima kabla jua halijazama, na waliokuwa safarini nikawangojea stendi.

Sasa malalamiko.

1. Siku ya kwanza Silvana aliivaa, akanitazama muda mrefu. Nikajiweka vizuri. Akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo," akaenda kupika. Tangu siku hiyo nanyolewa nywele za masikioni kama kondoo.

2. Maharage hayana tena mawe. Utasema hilo ni jema. Mimi nilizoea kila jioni kung'ata jiwe na kulalamika, na hapo ndipo nilipokuwa baba mwenye nyumba. Siku hizi nala kimya kama mgeni.

3. Kanisani wanawake wanakaa kushoto, wanaume kulia. Kwa miaka mingi Silvana akitazama upande wetu aliona koti jeupe limeinama, akajua mume wake anasali. Sasa anajua nalala, na anajua naanza saa ngapi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwetu ukiwa na shamba la ulezi unapika pombe, majirani wanakuja kupalilia, na mzee mmoja anatangulia mstari. Ulezi mchanga una gugu lake linalofanana nao kama watoto wa tumbo moja. Anachong'oa mzee wa mbele ndicho wanachong'oa wa nyuma. Mimi nimetangulia tangu Rozina anabebwa mgongoni. Mwezi uliopita, shambani kwetu wenyewe, Silvana alinifuata na miwani yako. Hakupiga kelele. Aliinama, akaokota nilichong'oa, akakisogeza puani, akasema mbele ya watu, "Baba Rozina, ulezi ninao mimi mkononi. Shambani umetuachia gugu."

Na kwa kuwa mstari wote ulikuwa unanifuata, robo ya shamba tulikuwa tumeipalilia kwa ustadi mkubwa, hakuna gugu hata moja lililoumia. Watu walicheka mpaka majembe yakawatoka. Mavuno mabaya ya miaka ya karibuni, ambayo wote tuliilaumu mvua, sasa yamepata mwenyewe. Wilibrodi akasema mzee apewe kazi ya kufukuza ndege. Ulezi wenyewe haujatoa hata suke.

Jumamosi ijayo palizi iko kwa Wilibrodi, na hakuna aliyeniambia nitasimama wapi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uichukue miwani yako. Ikishindikana, mpelekee Silvana nyingine iliyovaliwa na mtu mpole, kwa mfano mlinzi aliyezoea kusinzia. Na hilo likishindikana, wageni warudi wakusanye miwani yote ya Izia, twende sawa. Sisi tulikuwa tunaishi vizuri kwa makadirio.

Nisalimie walio nyumbani kwako, na wote huko ambao bado hawajavua miwani yao. Waambie wafikiri kwanza. Silvana angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Ni mimi ambaye macho yangu yanamshinda muuguzi,
Urbano, Izia.

Nyongeza: Barua hii nimeiandika miwani yako ikiwa puani kwangu. Silvana alikwenda kwenye sala za jumuiya akaisahau dirishani, nikaivaa ili nipate ushahidi wa ubaya wake. Kisha nikaenda nayo shambani. Gugu lina weupe chini ya shina, ulezi hauna. Nilikuwa nimesahau. Nimepalilia mstari mmoja peke yangu na haukunidanganya.

Silvana amerudi sasa hivi. Anapapasa dirishani, haniulizi, na mimi namwona vizuri sana. Kumbe naye amezeeka. Sijamwambia.

Basi yale maombi yangu yaache. Hii namrudishia. Tuma nyingine moja, ifike kabla ya Jumamosi kama gari lipo, apewe Sharon kwa siri, na yeye awaambie watu kwamba Mzee Urbano kaletewa miwani ya jua. Sharon akibisha kwamba mimi naona, amuulize Wilibrodi, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Alama zote zile zilikuwa zake.