Mawe Thelathini na Saba ya Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Machi

Mheshimiwa ametutoka. Saa kumi na moja alfajiri, hospitalini. Moyo. Miaka thelathini na moja kwenye kiti kimoja! Nimelia. Nimelia kweli, si kwa itifaki. Mke wangu ameniletea taulo kwa sababu leso haikutosha.

Nimemtumikia miaka ishirini na miwili. Mimi ndiye Mkuu wa Itifaki na Uzinduzi. Barua yangu ya ajira inasema "mhudumu wa ofisi", lakini barua ile iliandikwa na mtu asiyeona mbali.

Naieleza kazi yangu hapa kwa faida ya vizazi. Kila Mheshimiwa alipoweka jiwe la msingi, nani alikwenda kwa fundi kulichonga? Mimi. Nani alifunga pazia jekundu mbele ya jiwe, na kamba yake, ili mkubwa avute na watu wapige makofi? Mimi. Mawe thelathini na saba. Yote yamo katika Daftari la Mawe, kwa wino wa buluu, na tarehe, na saa, na majina ya wageni. Pazia limekwama mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na upepo.

Mchana nimefika ofisini. Bi Muhuri amekwisha kunitangulia. Huyu ni katibu wetu, anayetunza mihuri mitatu ya ofisi na hamruhusu mtu kuigusa, hata kuifuta vumbi. Ameweka meza mlangoni, kitambaa cheusi, picha ya marehemu, kalamu mbili, kitabu cha rambirambi. Mtu hajapoa! Nimemuuliza haraka ya nini. Amenijibu kwamba watu walikuwa wamejaa barazani tangu saa moja na walihitaji mahali pa kuandika. Kila kitu ana jibu lake.

Jumanne, 5 Machi

Habari nzito. Chama kimemwomba mjane agombee kiti cha mumewe, na Mama amekubali. Akatuita sisi wa ofisini, akatuambia kwa upole kwamba akishinda atabaki na mmoja tu kati yetu. Wengine atatuandikia barua nzuri. Jina atalitaja baada ya maziko.

Tuko watatu: mimi, Bi Muhuri na dereva. Dereva anastaafu mwezi ujao na anachotaka ni kulala. Kwa hiyo tuko wawili.

Nina miaka hamsini na mitatu. Sijawahi kuona tangazo la kazi linalotafuta mfunga mapazia. Mke wangu ameniuliza tutafanya nini nikikosa. Nimemwambia neno "kukosa" lisitamkwe tena humu ndani. Kisha nikaenda kuoga, maana sikupenda alivyokuwa akiniangalia.

Nimechungulia kitabu cha rambirambi. Balaa! Ukurasa wa kwanza mzuri, wakubwa watupu. Ukurasa wa pili muuza mkaa ameandika: "Mzee, ulituahidi daraja mwanangu akiwa tumboni. Sasa ana mke. Pumzika salama." Chini yake mtu mwingine: "Ulikuwa mwongo, lakini hukukosa msiba wetu hata mmoja. Na sisi tumekuja kwenye wako." Hiyo ndiyo heshima? Nimemtaka Bi Muhuri azichane kurasa hizo. Amekataa katakata. Amesema watu wameandika kwa mkono wao na kwa machozi yao. Kweli palikuwa na tone kwenye karatasi. Huenda ni chai.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimeota mpaka mabegani!

Nimebuni Msafara wa Heshima. Kutoka ukumbini hadi makaburini ni mwendo wa dakika kumi. Mtu aliyetumikia miaka thelathini na moja azikwe kwa dakika kumi? Hapana. Jeneza litapitishwa kwenye kazi zake. Kila penye jiwe tunasimama, mimi natangaza, pazia linavutwa upya, watu wanakumbuka, Mama anaona nani hasa aliyekuwa nguzo ya ofisi.

Nimelipeleka wazo mbele ya kamati ya mazishi. Mwenyekiti aliuliza kama kazi zenyewe zipo. Nikamfungulia Daftari. Akaona tarehe, akaona saa, akaona jina lake mwenyewe kati ya wageni, akalipitisha wazo. Maandishi hayana mpinzani.

Mama naye aliuliza kama mumewe angependa hivyo. Nikamwambia angekuwa hai, kamba angeivuta mwenyewe. Akatabasamu! Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Bi Muhuri alikuwepo na aliona kwa macho yake mawili.

Dereva, aliyekuwa akifuta kioo, ameniuliza kama nimewahi kurudi kwenye jiwe lolote baada ya sherehe. Swali gani hilo? Kazi yangu ni uzinduzi. Mpishi wa harusi haendi kukagua ndoa.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Muhuri amejaribu kunipiga kumbo. Ametaka kitabu cha rambirambi kisomwe ukumbini, chote, kama kilivyo. Amesema marehemu alikuwa mtu, si sanamu, na waliomlaumu ndio hao hao wanaomlilia. Nimesimama nikauliza nani anataka kusikia habari za daraja mbele ya jeneza. Nikaongeza kwamba muda hautoshi kwa sababu ya msafara. Kamati ikanikubalia. Kitabu kimefungiwa kabatini. Moja bila!

Mawe yote hayawezekani kwa siku moja. Nimechagua matatu yaliyo njia moja: la soko, la maktaba na la daraja. Mke wangu amelifua pazia na kulipiga pasi. Ameshauri kesho nipite njia hiyo nikaone hali. Nimemjibu kwamba njia hiyo naijua kama kiganja changu, na kwamba kesho nina mazoezi.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi. Nimefunga pazia kwenye mlango wa chumba cha kulala, mke wangu akavuta. Likakwama. Akavuta tena, likaja na fimbo yake. Mara ya tatu, safi.

Nimefanya pia mazoezi ya sauti ya huzuni mbele ya kioo. Jirani amebisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Nimeridhika sana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka makaburini sasa hivi. Viatu vimejaa matope. Nitaandika yote, maana historia haipendi kufichwa.

Magari kumi na manne, na watu kwa miguu hawahesabiki. Tukafika kwenye soko. Jiwe lilikuwepo, nasisitiza. Soko ndilo halikuwepo. Palikuwa na nyasi za kufika kiunoni, na mbuzi aliyefungwa kamba kwenye jiwe. Sikubabaika. Nikafunga pazia, nikatangaza soko la kisasa lenye vibanda mia mbili, nikavuta. Mbuzi akatokea nyuma ya pazia akitafuna pindo lake. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma. Mwanamke mmoja mwenye kapu la nyanya akauliza kwa sauti aonyeshwe kibanda chake ni kipi, mguu umemuuma kwa kusimama.

Maktaba. Jiwe lipo, limegeuka la kufulia. Shuka mbili zimeanikwa juu yake, na mwanamke mwenye povu hadi kwenye viwiko akasimama kwa heshima, akaomba radhi, akaziondoa. Nikatangaza vitabu elfu kumi. Safari hii hawakucheka. Walianza kunung'unika, na mnung'uniko ni mbaya kuliko kicheko.

Daraja. Hapa barabara inafika mtoni na kuishia. Jiwe limesimama kando ya maji, zuri, halina hata ufa. Ng'ambo ya pili walikuwa wamesimama watu kama mia mbili, wamevaa nguo zao nzuri. Wamekuja kumzika na hawawezi kuvuka. Muuza mkaa alikuwa mbele yao. Nilidhani atatukana. Alivua kofia tu, na wengine wakavua zao. Vijana wa upande wetu wakaanza kupiga kelele kwamba jeneza lifunguliwe, mzee aone. Mama akashuka garini, akautazama mto muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Sikuivuta. Sijui kwa nini.

Ndipo mkunga mmoja mstaafu, bibi mfupi mwenye fimbo, akaenda kugonga kioo cha dereva. Akamwambia, "Mwanangu, hawa wameona mawe vya kutosha. Wapeleke kule kwenu." Na dereva hakuuliza kule ni wapi! Akarudi nyuma, akakata kushoto kwenye mashine ya kusaga, akaingia uchochoroni.

Tukakuta bomba. Bomba moja la maji, juu ya saruji iliyopasuka, na foleni ya ndoo. Hakuna jiwe. Hakuna hata kibao.

Mkunga akaanza kueleza. Mwaka ule wa kipindupindu kila nyumba ya mtaa huo ilizika mtu. Mheshimiwa alikuja Jumapili saba mfululizo, yeye na dereva wake, mabomba yamefungwa juu ya gari, akachimba mtaro kwa jembe mpaka malengelenge yakapasuka. Walipotaka kumfanyia sherehe alikataa. Aliwaambia nyumba yenye msiba haipigiwi makofi. Mkunga akamaliza kwa kusema daraja hakujenga, na alidanganya, na wajukuu zake yeye mkunga wako hai kwa maji haya. Yote mawili aende nayo.

Mwanamume mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wakafuata wote. Mama akanawa uso bombani. Bi Muhuri alilia, dereva alilia mikono yake ikiwa bado kwenye usukani. Mimi nilikuwa napekua Daftari, ukurasa kwa ukurasa. Halimo! Nikamuuliza dereva kwa nini hakuripoti nikaandika. Akapandisha kioo.

Niliumia. Nasema wazi. Miaka ishirini na miwili, na katika Jumapili zote saba hakuniita hata moja. Nimelifikiria jambo hili tangu makaburini na nimepata jibu: hakutaka kunichosha.

Jumatatu, 11 Machi

Mama ameniita. Amemchagua Bi Muhuri.

Amesema bila ukali, na heri angekuwa na ukali. Amesema mumewe alikuwa watu wawili, mmoja wa pazia na mmoja wa jembe, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe alimpata zaidi yule wa pazia. Hanilaumu. Ila akishinda angependa kuanzia kwa yule mwingine. Ameniomba Daftari la Mawe ili apite kwenye mawe yote thelathini na saba na kuona lipi linaweza kumaliziwa, kwanza daraja. Na lile bomba, amesema, liachwe kama mumewe alivyoliacha. Nikampa Daftari.

Nimepita mlangoni. Kitabu cha rambirambi kimetolewa kabatini, watu wamepanga mstari hadi barabarani.

Nyumbani mke wangu hakuuliza. Amenikalia karibu, akanishika goti. Amesema tutaishi tu, mume wangu. Nimelala bila kulikunja pazia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alhamisi, 14 Machi

Nimezinduka! Siku tatu nimetafakari na sasa naona kosa lilipokuwa. Wala si langu. Watu wamelia kwenye bomba, mjane amelia, mtaa mzima umelia, na mahali penyewe hapana jiwe! Ofisi nzima hakuna aliyeliona pengo hilo ila mimi.

Mama alisema liachwe kama lilivyo. Ni unyenyekevu wa mjane. Mtu mzima hasemi anachotaka, husubiri afanyiwe.

Nimekwenda kwa fundi wetu wa mawe, asubuhi na mapema. Jiwe jeusi, refu kuliko mimi, herufi za dhahabu: bomba hili lilijengwa kwa siri na Mheshimiwa, limezinduliwa rasmi na mjane wake. Chini, kwa herufi ndogo za staha, Mkuu wa Itifaki na Uzinduzi. Barua za mwaliko wa uzinduzi, Jumamosi hii, nimezigawa mwenyewe kwa miguu. Mama ataambiwa Jumamosi asubuhi, iwe mshangao. Atalia kabla sijamaliza kutangaza, na kufikia mchana nitakuwa kazini. Bi Muhuri atafute kwa kwenda.

Mke wangu amesikiliza mpango wote, kisha ameingia chumbani na kufunga mlango. Furaha humfanya hivyo.

Kuna tatizo moja dogo. Fundi amerudi kutoka kupima na kusema jiwe kubwa namna hiyo linahitaji msingi imara, na pale mtaani saruji ni ile moja tu, iliyobeba bomba. Ametaka kujua afanyeje. Nimemwambia aling'oe bomba.