Ombi la Kurudishiwa Nyuso Zetu

Kwa Mjomba,
Msimamizi wa Bohari katika Kiwanda cha Rangi na, kwa kujiteua mwenyewe, Mpiga Picha wa Ukoo.

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umesimama mahali ambapo mwanga unakupiga usoni kama watu wengine.

Kuna mlio ambao haujanitoka masikioni: kwaru, kwaru, kwaru. Ni kucha ya Bibi, mama yako mzazi, ikikwangua picha uliyoipiga wewe. Aliikwangua taratibu, kwa subira, kama mtu anayetoa masizi akiamini kwamba chini yake bado kuna sufuria. Nitaurudia mlio huo mahali pake. Nimeanza nao ili ujue kwamba hii si barua ya utani, ingawa najua utawasomea wenzako bohari nzima ili wacheke.

Ninakuandikia kwa sababu Mama amenikataza kukujibu. Alisema mjomba hajibiwi. Hakusema haandikiwi, nami nimesoma vya kutosha kuijua tofauti.

Kwa faida ya hao wenzako, nieleze kidogo. Tangu uliponunua ile kamera, umejitwika kupiga picha za shughuli zote za ukoo, na ukoo kwa uvivu wake ukakuachia. Una picha ya aina moja tu. Jua linazama, watu wanapangwa mbele yake, na kila mtu anatoka mweusi tititi kuanzia utosi hadi unyayo, huku mbingu nyuma yake ikiwaka rangi zote zilizoumbwa. Mchana kutwa unagawa makopo ya rangi, nyekundu, bluu, kijani. Jioni ukija kwetu unatupaka moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mahafali yangu. Nilisoma miaka ambayo wewe mwenyewe uliiona mingi mno, na siku ya kuvaa joho ukanitoa ukumbini hotuba ikiendelea, ukanipandisha juu ya ukuta wa maegesho ya magari, kwa sababu, ulisema, "Jua halimngojei mhitimu." Kilichotoka ni kitu kirefu chenye kifuniko cha mraba. Mama alikitundika sebuleni kwa fahari. Mgeni wa kwanza kukiona aliuliza kama tumenunua tangi jipya la maji. Wa pili alimpa Mama pole.

2. Harusi ya dada yangu. Kumbe jua halimngojei hata bwana harusi. Chakula kilipoa, mpiga ngoma akasinzia juu ya ngoma yake, na wazee wakakaa wakitazama vijiko, mpaka ulipoona mwanga "umeiva". Ukawapandisha maharusi juu ya paa la ukumbi pamoja na kaka wa bwana harusi, wa kimo kilekile na suti ileile. Leo dada ana picha kubwa ya ukutani inayomwonyesha akiwa katikati ya wanaume wawili, na hajui ni yupi kati yao aliyeapa naye. Amemuuliza mumewe. Mumewe ameitazama kwa muda mrefu, akasema bora wasichokonoe.

3. Mama Mkubwa. Dada yako huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Watu wazima wenye vitambi bado huzima sigara wakimwona ng'ambo ya barabara. Wewe ulimsimamisha kwenye paa letu, mkono umenyooshwa, alishike jua kiganjani. Majirani wote walikusikia: "Inua, Dada, linakuangukia! Hapo, hapo! Sasa lishike kama yai!" Alilishika kama yai mpaka bega likakaza, na siku kadhaa akafungwa kilemba na mtoto wa jirani. Katika picha anaonekana kama mhudumu wa hoteli anayempelekea chungwa mteja aliyekwisha kuondoka.

4. Nyumba yetu. Kwa amri yako, Jumamosi hatuaniki nguo, kwa kuwa kamba inakata upeo wa macho. Fundi cherehani wa jirani aliombwa ateremshe antena yake. Akateremsha kwa heshima ya mvi zako, na hadi leo anasikiliza televisheni kama redio. Sasa umeanza kulisema tangi la maji. Mjomba, upeo huo ndio tunaoukogea.

Humo humo niingize ile picha ambayo uliiacha kamera ijipige yenyewe, ukatoka mbio ukaja kusimama nasi paani. Unasema yule wa pembeni, mwenye bega moja lililoshuka, ni wewe. Hatuna ushahidi. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa mwavuli. Na hata akiwa wewe, hakuna ajuaye kama ulikuwa umeitazama kamera au umeipa mgongo.

5. Utetezi wako. Kila ukiulizwa, una jibu moja, nalo unalitoa ukiwa umefumba macho: "Sura hudanganya. Umbo halijui kudanganya." Wajomba wengi husema maneno yasiyo na maana, ni haki yao. Lakini lako limeanza kurudiwa na watoto. Basi tulifuate hadi mwisho. Kama sura ni mwongo, peleka kivuli chako kwa afisa wa vitambulisho. Mwambie askari wa barabarani akikusimamisha kwamba asikutazame usoni, akusome mabega. Mtu akifa ukooni, tusimfunue uso ili watu wamuage. Tumwinue tu mbele ya dirisha. Na sisi wapwa zako tukija kukusalimu tuje kinyumenyume, tukupe visogo, kwa kuwa ndiyo sehemu yetu iliyo kweli. Nimejaribu kuona mahali ambapo hoja yako inakoma na sijapaona. Inaendelea tu, kama wewe juu ya paa, ukirudi nyuma hatua moja moja na jicho limefumbwa, na sote tukikupigia kelele kwamba paa linaisha.

6. Bibi.

Hapa sitaweka mzaha. Unajua hali ya mama yako. Anatusahau mmoja mmoja, kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba kabla ya kulala. Wewe hakutambui kwa sababu huji ila Jumamosi, na ukija unapanda juu. Mimi ananiita "binti", kama unavyomwita yeyote aliyekuletea maji. Muuguzi wa zahanati alimshauri Mama amwonyeshe picha za watu wake kila siku, amtajie kila mmoja jina, huenda jambo likashika.

Tukaliteremsha boksi lako. Mama akatoa picha ya kwanza, weusi. Ya pili, weusi. Akazipanga kitandani akitaja majina, na sauti yake ikawa inapungua, maana alipofika katikati alikuwa anabahatisha na yeye. Bibi alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akaichukua ile ya paani, ile ambayo unadai umo, akaisogeza karibu na macho, akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa anatafuta uso, Mjomba. Aliamini kwamba mwanawe hawezi kumpa mama yake picha ya watu wasio na nyuso, kwa hiyo lazima ni uchafu, na uchafu hutoka. Mama aliondoka akaenda jikoni akafungua bomba. Hakuna alichoosha.

Ndiyo hasara ninayokudai. Bibi anakwenda zake, na tulichonacho cha kumshikia nguo asiende ni boksi la vivuli.

Kwa hiyo naomba uache kabisa kushika kamera wakati wowote jua linapokuwa chini ya kimo cha mtu. Naomba pia uutangazie ukoo kwamba umeacha, ili kina dada wapate kuanika nguo.

Na kwa kuwa nakujua, sikungoja majibu. Kamera yako uliyoisahau hapa nimeifungia kwenye sanduku la mablanketi. Nimemwita mpiga picha wa studio, yule mwenye pazia la maporomoko ya maji ambaye wewe humwita mchoma nyuso. Atakuja Jumapili saa sita mchana, jua likiwa utosini. Atatupiga mmoja mmoja, uso kwa uso, kwa taa kali, hata chunjua ihesabike. Hukualikwa.

Msalimie mkazamjomba, ambaye nasikia nyumbani kwake amepiga marufuku machweo. Wasalimie watoto, nawakumbuka kwa sauti zao, maana picha zao hazinisaidii. Wasalimie wenzako wa bohari, na uwaambie wakimaliza kucheka warudi kazini. Fundi cherehani naye anakusalimu, na anauliza habari za antena.

Ni mimi, mwenye uso,
Mpwa wako.

Tanbihi. Bahasha nilikwisha kuifunga. Nimeifungua tena, na ndiyo sababu imechanika.

Mchoma nyuso alikuja. Picha zake ni safi, sina la kumlaumu: tunang'aa sote kama sahani zilizotoka kuoshwa. Tulimpelekea Bibi. Alizitazama moja moja, akasifu meno ya dada, kisha akamuuliza Mama, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuwaudhi wenyeji, "Watu wazuri hawa. Ni wa kwa nani?" Akazifunika kifudifudi. Akaomba apewe ile ya mwanawe.

Hatukumwelewa. Akainyooshea kidole mwenyewe, ile ya paani, akaishika na kuanza kukwangua pembeni, pale penye bega lililoshuka. Nikamshika mkono asijiumize, nikamuuliza anatafuta nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Natafuta nini? Namkuna. Huyu halali bila kukunwa mgongo, na asipolala yeye nyumba nzima hailali."

Mama akakaa kitandani. Anasema ni kweli. Anasema ulikunwa mgongo mpaka ulipoota ndevu, na kwamba ulimwapisha asimwambie mtu.

Basi nikamletea boksi zima. Hakukosea hata mmoja. Mama: "Huyu, anasimama kama aliyeshikiwa foleni na mwingine." Mama Mkubwa, hata akiwa na chungwa lake: "Mkubwa wangu. Mwone, anaogopa kukosea." Kwenye picha ya harusi aliweka kidole bila kusita: "Mume ni huyu wa kushoto. Huyo mwingine anasimama kama mtu mwenye njaa." Dada amepigiwa simu, na amelia kwa namna ambayo mumewe ameichukulia vibaya. Mimi Bibi alinishika mwisho, na joho na kifuniko. "Na huyu shingo mbele, kama anayesoma kibao cha mbali. Toka mdogo. Atagonga mlango siku moja." Akalitaja jina langu, lote, na lile la utani ambalo nilidhani limesahaulika na kila mtu.

Hata hivyo, nilipomwinamia uso kwa uso ili nimshukuru, aliniambia, "Karibu, binti."

Sifuti malalamiko. La kwanza hadi la nne yabaki palepale, na la tangi hasa. Lakini la tano naliondoa, na la sita nalitazama upya, na utanisamehe kama mwandiko wa hapa si mzuri. Kamera ipo juu ya meza ya Bibi, imechajiwa. Picha za studio nimezipanga ndani ya sanduku la mablanketi, ambako zinang'aa peke yao.

Kitanda cha Bibi nimekwisha kukigeuza. Sasa kinatazama dirisha la magharibi, na pazia nimeling'oa. Jumamosi ukija usiingilie mlangoni. Zunguka nje, upite chini ya kamba ya nguo, usimame dirishani jua likiwa mgongoni kwako, na usiseme kitu mpaka akuite. Mimi nimefanya hivyo tangu juzi kila jioni, na kila jioni ameniita.