Joho la Babu Langoni

Jumatatu, 3 Novemba
Jirani Sobit katokeza tena. Koti la kijivu, mikono imekunjwa, kofia ya doppi imekaa upande. Mtaa wetu mzima hapa mjini Margilan shingo zinageuka! Muuza mikate kasema Sobit amejipata kimavazi. Amejipata! Kwani alikuwa amepotea? Ijumaa kikundi chetu cha wanaume cha kupika pilau kinachagua mkuu mpya, na wote wanamtazama yeye. Mimi miaka yote nakata karoti. Wivu unanichoma, nakiri humu tu. Nimeamua: nami nitajipata.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekunja mikono ya koti. Mke wangu Hanifa kauliza kama naenda kuosha vyombo. Nimelaza doppi upande, ikatumbukia kwenye supu. Mama mkwe, aliye kwetu kitandani kwa ajili ya goti, kacheka mpaka goti likamuuma zaidi. Kasema kuna watu wa kuvaa na watu wa kujisitiri tu. Kisha akamsifia Sobit. Ndani ya nyumba yangu!
Kosa nimeliona. Naiga. Mtindo wa mtu uko kwenye damu yake. Nimefungua sanduku la marehemu babu.

Jumatano, 5 Novemba
Joho la babu! Bluu iliyoiva, limejazwa pamba. Ila ni pana, naonekana kama godoro. Nimefunga kitambaa kiunoni: kiuno kimetokea! Mkono ulikuwa mtupu, nikachukua fimbo ya babu. Kwenye kioo nikahisi umbo hili nimewahi kuliona mahali, tena mahali pa heshima. Kesho nasimama langoni Sobit akipita kwenda kazini. Apasuke.

Alhamisi, 6 Novemba
Nikasimama mapema, kichwa nimeinamisha kidogo kwa maringo. Wa kwanza kupita ni mzee Orif wa nyumba ya pili. Kanitazama, akanikumbatia.
"Jikaze, mwanangu. Alikuwa mama mwema."
Mama gani? Kabla sijauliza, uchochoro umejaa wanaume, na wanawake wanaingia ndani wakilia. Ndipo nikakumbuka. Joho, kitambaa kiunoni, fimbo, mtu langoni: hivyo ndivyo tunavyosimama tukifiwa! Hata baba alipokufa nilisimama hivi hivi. Mtu mzima mimi! Wivu umenipofusha.
Ningesema ukweli. Ila Sobit akaja mbio, naye kavaa joho, kajifunga kitambaa chekundu, akasimama kando yangu akilia. Na lilivyomkaa! Nyuma mtu akanong'ona, "Huyu hata msiba unampendeza." Hapo nikalia kweli.
Mama mkwe akatoka anachechemea, anatafuna mkate walioleta majirani.
"Kafa nani?"
Mzee Orif kaketi chini palepale. Mwanamke mmoja kazimia. Mama mkwe kanipandisha na kunishusha kwa macho.
"Kumbe una haraka hivyo, mkwe wangu."

Ijumaa, 7 Novemba
Mkuu ni Sobit. Wote wamenyoosha mikono, na mimi pia, kwa kuwa walikuwa wananitazama. Nimerudishwa kwenye karoti. Nyumbani balaa jingine: mama mkwe, ambaye hana mtoto wa kiume, kaapa kwamba siku yake ikifika atakayesimama langoni ni Sobit, angalau anajua kuvaa. Mimi nikae jikoni. Hanifa hakunitetea. Imeniuma kuliko uchaguzi.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetafakari kwa utulivu. Joho halina kosa, wala fimbo. Kosa ni kitambaa: changu kilikuwa cheupe, cha Sobit chekundu. Nimemwagiza fundi kama kile, kipana zaidi. Eti Sobit asimame kwenye msiba wa mkwe wangu mimi? Thubutu!
Jioni nimempelekea mama mkwe chai, nikamuuliza kwa upole goti linaendeleaje. Kasema linapona. Haidhuru. Fundi naye kasema kitambaa kitachelewa.